Ukuta Asiouamini Mbuzi

Ukitoka Micheweni ukashika njia ya pwani ya mashariki, udongo unakwisha kabla ya nyumba. Nyumba za mwisho zimesimama juu ya mwamba mtupu, na baada ya hapo ni maweni: jiwe la kijivu lenye meno makali, vichaka vinavyomfika mtu kiunoni, na katikati ya meno hayo vishimo vidogo vyenye udongo mwekundu. Kishimo kimoja kinatosha mashina mawili ya muhogo. Kingine kinatosha mtama wa kujaza ungo. Mgeni akipita hapo anaona mawe tu. Mwenyeji anaona shamba, na anakijua kila kishimo chake: kile kinachoshika maji, kile chenye siafu, kile ambacho kunde hazikui hata ukikibembeleza.

Nilifika huko kwa ajili ya mwani. Mimi ni mtu wa kufika mahali kwa ajili ya jambo moja nikabaki kwa ajili ya jingine. Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu mmoja alimwambia mama yangu kuwa kichwa ninacho, nilichokosa ni makalio ya kukalia dawati. Tangu hapo nimebeba mizigo bandarini Mkoani, nimechuma karafuu, nimeuza vifuniko vya simu Chake, na pale Madungu nilikaa na fundi mwashi karibu miaka miwili. Sijakaa na kazi nyingine muda mrefu kama huo. Fundi yule alinifundisha timazi, pima maji na mwiko, na alinifundisha kuwa jiwe linalocheza ukutani ni aibu ya aliyeliweka.

Micheweni nilikuwa napakia magunia ya mwani mkavu na kulala dagoni, kambi ya wavuvi waliokuja kutoka mbali. Siku ambazo hakuna gari la kupakia, nilitembea. Asubuhi moja, jua la kaskazi limeanza kuchoma, nikapita maweni nikamkuta mwanamke aliyekwisha kuvuka miaka sitini kwa makisio yangu, kanga ameifunga kiunoni, ameshika jiwe ukubwa wa kichwa cha ng'ombe. Alikuwa analigeuza juu ya paja lake huku anatazama mbali, kama mtu anayesubiri gari. Halafu akaliweka. Halikusogea tena. Akainama kuchukua jingine.

"Asalam aleikum, mama. Shikamoo."

"Waaleikum salaam. Marahaba." Hakugeuka.

"Unajenga nini?"

"Nnapika pilau."

Nikacheka, nikakaa juu ya mwamba. Nikamuuliza mbona hakuna saruji wala udongo, mawe yanashikana kwa nini. Nikamuuliza mbona ukuta mpana chini na mwembamba juu. Nikamuuliza kwa nini hakuweka waya kama watu wengine.

"Yakhe," alisema, "ukitaka kujua shika upande wa pili. Maswali ya ntu aliyekaa yananchosha."

Nikashika upande wa pili. Ndivyo nilivyoanza.

Habari ya ukuta ule niliipata vipande vipande, jiwe kwa jiwe. Shamba lilikuwa lake, alilirithi kwa mama yake, na mumewe alipofariki lilikuwa ndilo kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyemuuliza atakifanyia nini. Mbuzi wa maweni hawafungwi. Ukimfunga mbuzi juu ya jiwe lile kamba inakatwa na meno ya mwamba, au inamzunguka shingoni mpaka afe. Kwa hiyo mbuzi hutembea, na anayelima ndiye anayejizungushia. Mwaka mmoja alizungusha ua wa vijiti, mbuzi wakaula ua wenyewe kabla ya kunde. Mwaka uliofuata binti yake, anayekaa Mkoani na mume anayefanya kazi bandarini, alimletea seng'enge na nguzo. Nguzo hazikuzama. Vijana wawili walipiga sururu siku nzima, cheche zikaruka, sururu ikavunjika mpini, na mwamba ukabaki na alama kama za kucha. Mwishowe nguzo zikasimamishwa kwa kurundikiwa mawe miguuni. Mbuzi waliziegemea kidogo kidogo, kama watu wanaojikuna, mpaka zikalala. Kunde za msimu mzima zilikwisha asubuhi moja.

Hapo binti akasema neno lake. Mama ameshazeeka, maweni si mahali pa mwanamke wa peke yake, na chumba kipo tayari Mkoani, kina kitanda na feni. Wakakubaliana: mbuzi wakila tena, mama anafunga mzigo.

"Kitanda kizuri," aliniambia, "nshakilalia. Ila ukiamka huna pa kwenda isipokuwa sebuleni."

Hakulisema tena jambo hilo. Nami sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Nimelala katika nyumba za watu wengi wema, na najua jinsi mtu anavyochoka kushukuru.

Siku ya kwanza nilikwenda dagoni nikarudi na timazi yangu, nikaining'iniza kwenye ukuta wake ili nimwonyeshe kuwa na mimi ni mtu wa kazi. Aliitazama ikicheza kwenye uzi.

"Hicho cha nini?"

"Kinaonyesha kama ukuta umesimama wima."

"Sitaki usimame wima. Nataka ulale." Akaegemeza viganja vyake viwili kimoja kwa kingine, kama paa la nyumba. "Huu unamwegemea huu. Wakitaka kuanguka, wanaangukiana."

Kwa kweli zilikuwa kuta mbili, moja ya nje na moja ya ndani, zinaelekeana zikipanda, na katikati alijaza mawe madogo na vipande. Kila baada ya hatua chache alilaza jiwe refu lililopita toka nje mpaka ndani, likazifunga zote mbili. Chini upana ulikuwa urefu wa mkono wake. Juu ukuta uliishia kwapani mwake. Vipimo vyote vilikuwa mwilini mwake, na nilipopima kwa futi nikitafuta mahali alipokosea, sikupata tofauti ya kuzidi kidole.

Lakini kilichonifanya nirudi kesho yake, na kesho yake tena, ni mikono. Mimi nilikuwa nachukua jiwe, nalijaribu, halikai, naligeuza, halikai, nalitupa, nachukua jingine. Yeye jiwe akishaliinua halirudishi chini. Kwanza hutazama pengo. Hutazama kwa muda, mpaka unadhani amesahau kazi. Kisha anakwenda kwenye rundo, wakati mwingine kwenye rundo la mbali, analichukua moja bila kulitafuta, anakuja nalo akiligeuza tumboni, na linaingia. Mara nyingi niliacha kazi yangu nikamhesabia ni mara ngapi atakosea. Asubuhi moja nzima alikosea mara moja, na hilo alilivunja pembe kwa jiwe jingine likaingia.

"Unajuaje?" nilimuuliza.

"Nlishalipita jana."

"Mawe yote haya unayakumbuka?"

"Kwani weye dagoni humkumbuki ntu aliyekula samaki wako?" Akanitazama nikihangaika na jiwe langu. "Weye unalibembeleza kama unaliposa. Jiwe halina baba, liweke."

Mbuzi waliokula kunde zake walikuwa wa binamu yake. Huyo alikuwa mzee mrefu mkavu, kofia haimtoki kichwani, na kwa kuwa wao ni mabinamu wana ruhusa ya kuambiana lolote. Alipita karibu kila siku kabla ya adhuhuri, mbuzi wakimtangulia, akasimama nje ya ukuta na kuegemea fimbo.

"Binamu, unajenga jela? Utafungwa kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la kutokukuoa nkakufundisha adabu."

"Ungenioa ungekuwa unalala nyumba ya bati."

"Ningelala na mbuzi."

Mimi nilimwita ami, yeye akaniita fundi wa Madungu tangu siku alipoiona timazi. Aliniuliza kila mara kama nimeshapewa chumba humo ndani. Lakini nyuma ya mzaha kulikuwa na jambo lao la dhati. Huko ukuta mpya haukaguliwi kwa macho. Kabla ya masika, mwenye shamba humwita mwenye mbuzi, naye huleta mbuzi wake aliye mkorofi kuliko wote, amemnyima chakula tangu usiku. Ndani ya ukuta wanamwaga majani mabichi. Mbuzi anaachwa nje mpaka jua lipande. Akishindwa kuingia, mwenye mbuzi amekubali ukuta. Tangu siku hiyo mbuzi wake akionekana ndani, ni juu yake. Akiingia, hakuna ukuta, na mwenye shamba asimlaumu mtu. Ami alikuwa na jike mzee aliyekatika sikio moja, na kila mtu wa kitongoji kile aliyewahi kulima anamjua mbuzi huyo kwa hasara yake.

Pande mbili zilikwisha, na mawe ya juu aliyaweka mwenyewe jioni, mimi nikiwa nimesharudi dagoni. Upande wa tatu tulikuwa tunaumalizia, wa nne ulikuwa umefika kifuani. Hapo ikaja habari ya msiba kutoka Wete, wifi yake amefariki. Akavaa buibui, akachukua kipochi, na bodaboda ikaja kumsubiri barabarani.

"Siku ya nne nnarudi," aliniambia. "Siku hiyohiyo binamu analeta mbuzi, mvua haziko mbali. Weye malizia. Mawe ya juu uweke kama nlivyoweka mie."

"Nimeelewa, mama. Allah amrehemu marehemu."

"Amin. Kama nlivyoweka mie," akarudia, akaondoka.

Nilimalizia upande wa tatu na wa nne kwa siku mbili, na sijawahi kufanya kazi vizuri namna ile. Kisha nikapanda kuweka mstari wa juu. Ili niweke kama alivyoweka yeye, nikaenda kwanza kuutazama mstari wake.

Nikaweka kiganja juu ya jiwe la kwanza, likacheza. La pili likacheza. Nikatembea upande wote nikibonyeza, na kila jiwe la juu lilitikisika, moja linatoa sauti ya ko, jingine linainama na kurudi. Nilisimama pale na moyo ukaniuma. Niliona mwanamke aliyechoka, anayebeba mawe jua kali peke yake, na kila akifika juu nguvu zimemwishia, ameyatupia tu ilimradi ukuta ufike kwapani. Nikaona kwa nini amerudia neno lile mara mbili: alikuwa anaona haya. Nikajiambia atakaporudi kutoka msibani atakuta ukuta ambao hata fundi wangu wa Madungu angeupigia makofi.

Dagoni palikuwa na mfuko wa saruji uliobaki nusu, walikuwa wamejenga choo. Nikauomba. Nikachukua mawe yake ya juu moja moja, yote, nikayalaza kifudifudi, nikayabana kwa vibanzi vya mawe, nikatia saruji kidogo kwenye viungo. Kisha ya pande zangu mbili. Niliyasawazisha kwa uzi na pima maji. Jioni ya siku ya tatu juu ya ukuta ule palikuwa panyoofu kiasi kwamba mtu angetembea juu yake na kikombe cha chai kisimwagike tone. Nilijisifu kwa maneno hayohayo kule dagoni.

Asubuhi ya siku ya nne alikuja moja kwa moja kutoka barabarani, bado na buibui lake, macho yamevimba. Ami alikuwa ameshafika na jike lake, na watu wachache wamekaa kwenye miamba, maana jambo kama hilo huwa na watazamaji. Ndani nilikuwa nimeshamwaga majani ya mkunde na matawi ya mfenesi niliyoyatoa mbali. Akampa binamu yake mkono, wakaulizana habari za msiba, akanijia mimi akiutazama ukuta. Akaweka kiganja juu ya jiwe la kwanza, akabonyeza. Akabonyeza la pili. Akapita hatua kama kumi akibonyeza.

"Nani kakutuma?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Yalikuwa yanacheza, mama."

Ami alikuwa ameshamwachia mbuzi.

Yule jike hakuwa na haraka. Alitembea kando ya ukuta akinusa, akasimama mahali ambapo mwamba wa nje umeinuka kidogo, akaweka miguu ya mbele juu. Akangoja. Hakuna kilichosogea. Akapiga teke moja la nyuma na akawa juu ya ukuta, amesimama kwenye jiwe nililolisawazisha kwa mikono yangu. Halafu akatembea. Alikwenda juu ya ukuta upande mzima, kwa madaha, kama bibi harusi anayepita kwenye busati, akachagua mahali pa kushukia, akashuka, akaanza kula.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Ami alicheka kuliko wote.

"Binamu, mie sikujua unamjengea barabara. Ungeniambia ningechangia kokoto."

Mwenye shamba hakucheka. Aliketi juu ya mwamba na buibui lake, akanyoosha miguu. Nikamwona anatazama simu yake ndogo mkononi, hapigi, anaitazama tu. Na mimi nikaelewa yote kwa mara moja, jambo ambalo mbuzi alikuwa amelielewa kwa kuweka kwato mbili. Mbuzi anapanda popote penye uimara. Jiwe linaloinama chini ya mguu wake halipandi, hata liwe dogo namna gani, kwa kuwa hajui litamfikisha wapi. Ukuta wote ule ulikuwa ni kuyafikisha yale mawe ya juu mahali pake. Nami nilikuwa nimeuondolea kazi yake.

"Ami," nilisema, "kosa ni langu. Ukuta wake haukuwa hivi. Mpe siku."

"Mbuzi ameshajibu, fundi."

"Amejibu ukuta wangu. Wake hujauona."

Akamtazama binamu yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue uso wake haukuwa na mzaha. Nadhani na yeye alijua habari ya chumba cha Mkoani; nani asiyejua. Akakohoa.

"Mpaka mvua ya kwanza," alisema. "Mvua ikishanyesha mie nna mambo yangu. Na majani msilete ya mfenesi, mnamzoesha vibaya."

Tulianza alasiri ileile. Hakunigombeza, na hilo lilinitesa zaidi. Alinipa nyundo, akaniambia nivunje saruji bila kuvunja mawe, maana mawe yale aliyachagua. Nilipomwomba radhi mara ya tatu alisema, "Yakhe, radhi nshakupa, nkono ndio nnaotaka." Baadaye, tumekaa tunakula muhogo, nikamuuliza kwa nini hakunieleza.

"Nlikwambia uweke kama mie."

"Hukuniambia kwa nini."

"Weye huniuliza kila kitu. Umeniuliza mama yangu alizaliwa wapi, umeniuliza siafu wanalala saa ngapi. Nkajua la mawe umeshaliona, ndio maana huulizi."

Nililifikiri neno hilo kwa muda mrefu. Kweli sikuuliza. Niliuliza yote nisiyoyajua, na la mawe nilidhani nalijua.

Kisha akanifundisha, na hapo ndipo nilipomwona hasa. Jiwe la juu lazima litikisike, na lazima lisianguke. Likianguka mara moja tu, pamebaki pengo na mbuzi ana mlango. Litikisike mbuzi akiligusa, litulie upepo wa kusi ukilipiga. Liiname nje, kumrudisha alikotoka, kamwe lisiiname ndani likamtia shambani. Kila jiwe anatafuta tumbo lake, ile sehemu iliyovimba, analiketisha juu ya tumbo hilo kwenye mawe mawili ya chini, halafu analisukuma kwa kidole kimoja. Anasikiliza. Sauti ya ko fupi, linakaa. Sauti ndefu ya kukwaruza, analiondoa. Alifanya hivyo kwa jiwe moja baada ya jingine, kidole kimoja, ameinamisha sikio, na mimi niliyejenga kuta za nyumba za watu zenye madirisha ya alumini nikaona kuwa sijawahi kuweka jiwe hata moja nikajua litakavyofanya likiguswa.

Siku ya kwanza niliweka kama thelathini. Alipita jioni kwa kidole chake. Aliangusha zaidi ya ishirini. Siku ya pili aliangusha tisa. Siku ya tatu aliangusha manne, akasimama kwenye la tano, akalisukuma, akalisikiliza, akalisukuma tena.

"Hili zuri kuliko langu," alisema, akaendelea na safari yake. Sikumwonyesha uso wangu.

Siku ya tano mawingu yalisimama upande wa bahari tangu alfajiri, na hewa ikawa nzito. Ami alikuja mapema kuliko tulivyomtarajia. Watazamaji walikuwa wengi zaidi, maana habari ya barabara ya mbuzi ilikuwa imefika mpaka sokoni. Yule jike alikuja akivuta kamba. Alikumbuka vizuri kilichokuwa ndani.

Alikwenda moja kwa moja mahali pale alipopandia. Akaweka miguu ya mbele juu. Jiwe likasema ko na kuinama kumwelekea. Akashuka. Akatikisa kichwa, sikio lake zima likapiga shavu. Akasogea hatua tatu, akajaribu tena, ko, akashuka. Alizunguka ukuta wote. Safari hii hakuna aliyecheka. Tulimfuata kwa miamba, mwenye shamba mbele, ami nyuma yake, na kila kwato zikigusa jiwe mimi nilijua ni jiwe langu au lake. Kwenye upande wa nne alipata jiwe langu moja, akaliwekea uzito wote, likainama zaidi kuliko nilivyopenda. Nikafumba macho. Nilipofumbua lilikuwa limerudi, linatikisika bado, na mbuzi yuko chini analitazama kama mtu aliyetukanwa.

Jua lilipopanda alilala kwenye kivuli cha ukuta, upande wa nje, akaanza kucheua.

Ami alikwenda kumfunga kamba. Kisha, badala ya kuondoka, akaweka kidole chake juu ya jiwe, akalisukuma, akalisikiliza likirudi. Akasogea kwenye jingine. Alikwenda hivyo mpaka pembeni, kofia yake ikitokea na kupotea nyuma ya ukuta.

"Ujenzi huu aliujua nani zaidi?" aliuliza aliporudi. "Mama yako?"

"Mama yako pia. Alifundishwa na mama yangu, shangazi yako huyohuyo. Weye ulikuwa unachunga."

"Haya." Alinyanyua fimbo. "Binamu, mbuzi wakiingia humo ni juu yangu. Nyote mmesikia." Kisha akanigeukia mimi. "Na weye, fundi wa Madungu, huko kwenu hawakufundisheni kujenga kibovu?"

"Najifunza, ami."

"Ndio kujifunza huko. Vizuri kila ntu anajua."

Mvua ya kwanza ilianguka kabla ami hajafika barabarani, matone makubwa yanayotoa harufu kwenye mwamba wa moto. Watu walikimbia. Mwenye shamba hakukimbia. Alikwenda kwenye kichaka alikoficha kibuyu cha mbegu, akachukua muo wake, kijiti kirefu chenye ncha ya chuma, akaingia shambani kwa kuvuka ukuta mahali ambapo yeye peke yake ndiye aliyejua jinsi ya kuyakanyaga mawe yake. Akatoboa kishimo cha kwanza, akatia mtama, akafunika kwa kisigino. Akaenda cha pili. Alikuwa anakwenda bila kutazama, kutoka jino la mwamba mpaka jino la mwamba, mvua ikimlowesha kanga, na nilisimama nje nikimtazama nikiwa nimesahau kujikinga na mvua.

Simu yake ikalia kwenye kibindo. Akaitoa, akaiweka sikioni kwa bega ili mikono ibaki na kazi.

"Eee, mwanangu. Waaleikum salaam." Akatoboa, akatia mbegu, akafunika. "Siko nyumbani." Akasikiliza kidogo. "Sina nafasi sasa hivi. Nnapanda."